Kandambili za Kufungulia Friji

Magomeni, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Mwanahawa,

Barua hii nitaiweka juu ya begi lako. Najua utaiona, kwa sababu wewe hulali mpaka ulifungue begi mara tano kuhakikisha kwamba umelifunga. Isome mpaka mwisho, tafadhali. Usifanye kama kwenye meseji zangu, unanijibu "sawa baba" kabla sijafika kwenye jambo lenyewe.

Mama yako ameshakuambia habari ya chandarua, ya maji ya kuchemsha, ya kutopokea soda ya mtu usiyemjua ndani ya basi. Amekuambia na ya wanaume, nilimsikia kupitia dirisha, na mengine yalinigusa mimi mwenyewe. Hayo yote sirudii. Mimi ni fundi umeme, na nina jambo moja tu la kukupa. Nimelikalia miaka ishirini.

Wiki iliyopita tukiwa tunakula, mama yako alisema ukifika Masasi utafikia kwa shangazi yako Somoe mpaka uizoee hiyo shule waliyokupangia kufundisha, ndipo utafute chumba chako. Uliweka tonge chini. Ukasema, "Kwa shangazi Somoe siendi. Bora nilale darasani." Mimi nikakuuliza, kama mtu asiyejua kitu, kwa nini. Ukanyoosha kiganja chako cha kulia, chenye lile kovu, ukasema, "Baba, mimi kwa yule shangazi nakumbuka kitu kimoja tu. Alinipiga na mchi. Mchi wa kutwangia, baba! Nina miaka minne! Na jiko lake ndilo lililoniunguza. Sasa huyo ndiye wa kwenda kukaa naye?"

Nikanywa maji. Nikasema tutaongea. Tangu siku hiyo kila nikikuona peke yako nakumbuka nina kazi ya ufundi Gerezani. Basi yale ya kuongea ndiyo haya, na nayaandika kwa sababu mdomo umenishinda.

Nianzie mahali ambapo moyo wangu unapapenda. Ulipokuwa darasa la tatu, Jumamosi mama yako alikuwa anauza viungo vyake sokoni Kariakoo, nami nakuchukua twende kwenye meza yangu ya ufundi Gerezani. Njiani tulikuwa na mchezo. Nilikuwa nakusimamisha kwenye baraza za watu, kwenye nyumba kongwe za Kariakoo kabla hazijavunjwa kupisha maghorofa, nakuonyesha vyombo vya umeme ukutani na kukuuliza, "Nyumba hii ina umri gani?" Wewe hukutaja miaka hata siku moja. Ulikuwa unashika kiuno na kusema, "Hii babu." Au, "Hii baba." Au, "Hii kijana, bado haijaoa."

Babu ilikuwa nyumba yenye ubao mweusi wa mbao, meni swichi ya chuma yenye mkono pembeni, fyuzi za kauri nyeupe mfano wa vikombe vya kahawa, na waya mnene wa kijivu uliovikwa madini ya risasi unaopanda ukutani umeshikwa na vibati. Soketi zake zina matundu ya duara. Baba ilikuwa na waya mwekundu na mweusi, na mita yenye kisahani kinachozunguka, ulichopenda kukitazama mpaka shingo inauma. Kijana ndizo hizi za mita ya luku, waya wa kahawia na wa bluu, na swichi ndogondogo zinazojikata zenyewe. Nilikufundisha pia kwamba nyumba zinadanganya kama watu: mwenye nyumba anaweka mita mpya barazani, lakini ukichungulia juu ya dari unakuta babu yumo ndani, waya wake unapukutika ukiugusa. Ulikuwa hukosei, mama. Kuna muuza kahawa mmoja alikuwa akituona anasema, "Fundi, huyu si mtoto, huyu mkaguzi."

Nakuita mama kwa sababu una jina la mama yangu, na kwa sababu siku zile ulikuwa unanitawala.

Lakini kuna swali moja sikukuuliza hata mara moja kwenye mchezo ule. Sikukuuliza waya wa kijani unakwenda wapi. Ni swali la kwanza ambalo fundi yeyote anapaswa kumfundisha mwanafunzi wake, nami kwako nililiruka makusudi, kila Jumamosi. Niliogopa utaniuliza, "Na kwetu ulikuwa unakwenda wapi?"

Kila nyumba, iwe babu iwe kijana, inatakiwa kuwa na waya huo. Siku hizi una mstari wa njano. Sisi mafundi tunauita ethi. Hauwashi taa wala haupashi pasi, umelala tu mwaka mzima kama mlinzi wa ghala. Umeunganishwa na kila kitu cha bati ndani ya nyumba, mwili wa friji, mwili wa pasi, mwili wa jiko la umeme, kisha unatoka nje na kushuka ardhini. Siku umeme ukitoroka ndani ya friji ukagusa bati, waya ule unaupa njia ya kwenda chini, fyuzi au swichi ya kinga inajikata, na mtu anabakiwa na friji bovu na uhai wake. Ethi isipokuwepo, umeme unabaki pale pale kwenye bati unamsubiri mtu. Na taa zinawaka kama kawaida. Nimechoka na maneno hayo mjini hapa. Kila nikimwambia mwenye duka kwamba hana ethi, ananijibu, "Mzee, una mambo mengi. Taa si zinawaka?"

Sasa nyumba yetu.

Tulipanga nyumba ya Kiswahili, hapa hapa Magomeni, mtaa wa pili kutoka tulipo sasa. Vyumba sita, korido katikati, uani nyuma. Sisi tulikuwa na vyumba viwili, na shangazi yako Somoe, dada yangu wa tumbo moja, alikuwa na kimoja mkabala na chetu. Alikuja mjini kutoka Masasi kutusaidia ulipozaliwa, akakaa. Yeye ndiye aliyekubeba mgongoni kuliko mtu yeyote. Hata maneno yako ya kwanza yalikuwa na lafudhi ya kusini, mama yako akawa anakasirika.

Nyumba ile ilikuwa babu kabisa, na ethi yake ilikuwa imefungwa kwenye bomba la maji la chuma, pale uani. Zamani ndivyo walivyofanya na haikuwa kosa. Bomba la chuma lilikuwa linatambaa chini ya ardhi mtaa mzima, ethi bora kuliko hiyo huipati. Kisha mabomba yakaoza kwa kutu. Mwenye nyumba akaleta fundi bomba, chuma kikang'olewa, ikalazwa mipira myeusi ya plastiki. Kilibaki kipande kifupi tu cha chuma, cha kushika koki, na waya wetu wa kijani ukabaki umefungwa kwenye kipande kile kile. Ukiutazama unasema ethi ipo. Kumbe imefungwa kwenye chuma kisichokwenda popote.

Niliuona asubuhi iliyofuata baada ya fundi bomba kuondoka, nikiwa napiga mswaki. Nisikudanganye, siwezi kusema sikujua. Nilijua kwamba dawa yake ni kupiga rodi, fimbo ya shaba inayozamishwa ardhini kwa nyundo, na kuuhamishia waya huko. Rodi yenyewe nilikuwa nayo chini ya kitanda. Nilisema kesho. Nilikuwa natoka alfajiri kwenda kuwapigia watu rodi zao Kariakoo, narudi nimechoka, nasema kesho. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Nilikuwa naisema methali hiyo huku nikicheka, kana kwamba ni hati ya kuniruhusu.

Halafu likaja friji. Friji la mtumba, lililokwishapita mikononi mwa watu watatu, mama yako alilitaka ili auze barafu za ubuyu. Tukaliweka koridoni, na baada ya mwezi likaanza kuuma. Ukigusa mpini wake peku, linakutekenya mpaka kwenye kiwiko. Na kwa kuwa waya wa kijani uliunganisha mwili wa friji na kile kipande cha chuma, koki ya uani nayo ikaanza kutekenya. Wanawake waliosha mchele huku wakirusha mikono na kucheka. Nilileta testa yangu, ile bisibisi yenye taa ndogo, nikagusa friji, ikawaka. Nikagusa koki, ikawaka. Nikairudisha mfukoni.

Unajua nilifanya nini? Nilinunua kandambili. Kandambili za bluu, nikaziweka mbele ya friji, nikatangaza kwenye korido kwamba anayetaka kufungua avae kwanza. Wapangaji wote wakakubali, maana nyumba nyingi zilikuwa na kandambili za namna hiyo na hata sasa zipo. Mimi nikatia na mzaha juu yake. Nilisema, "Msikitini mnavua, kwa friji letu mnavaa." Korido nzima ikacheka. Nilijiona fundi hodari na mchekeshaji.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, mchana, baada ya mvua. Mimi nilikuwa Gerezani, mama yako sokoni. Somoe alikuwa uani anatwanga kisamvu. Alikuwa amekuogesha muda huo huo, umejifunga kanga, miguu mibichi. Ulitaka barafu. Ukaingia koridoni, na kandambili hazikuwepo. Asubuhi nilizivaa mimi kwenda bafuni nikaziacha huko.

Ukashika mpini.

Umeme wa nyumbani unakaza misuli, ukishika huachii. Hukupiga kelele. Somoe alisikia tu kimya, na wewe ulikuwa mtoto usiyenyamaza. Akachungulia koridoni akakuona umesimama pale, mkono kwenye mpini, unatetemeka. Fyuzi haikukatika. Umeme haukuwa na njia nyingine ya kushuka ardhini isipokuwa wewe.

Mtu mwingine yeyote angekukumbatia akuvute, na leo ningekuwa nasimulia vifo viwili. Hata mimi, pamoja na ufundi wangu, sina hakika kama nisingekushika. Somoe hakusoma zaidi ya darasa la nne. Lakini alikuwa amenisikia nikiongea kazi yangu kila siku kwenye futari na kwenye chai, na alishika neno moja kwamba mti mkavu haupitishi umeme. Meni swichi ilikuwa juu, barazani, mbali. Mkononi alikuwa na mchi. Akaugeuza upande mkavu, akakupiga nao mkono, kwa nguvu zake zote, chini kidogo ya bega. Ukarushwa sakafuni. Akakugeuza, akakupepea, mpaka ukalia.

Kwa hiyo unakumbuka vizuri, mwanangu. Alikupiga na mchi. Kumbukumbu yako haina kosa hata moja. Ni sisi wakubwa tuliokuachia kipande hicho peke yake, tukakunyima yaliyo mbele yake na nyuma yake. Pigo lile ndilo sababu una miaka ishirini na nne.

Niliitwa, nikakukuta hospitali na Somoe. Kiganja kimeungua, begani una wekundu. Daktari aliniuliza imekuwaje, nikamwambia kweli, kwa sababu ilikuwa lazima ajue anatibu nini. Tukarudi nyumbani na bandeji. Mama yako alikuwa bado hajarudi. Somoe akafunga mlango wa chumba chake, akaniambia haya, na nayakumbuka neno kwa neno.

"Kaka, mtaani watauliza."

"Najua."

"Wakisikia mtoto wa fundi amepigwa na umeme wa nyumba ya fundi, nani atakuita tena?"

Akakulaza kitandani kwake.

"Sema ni jiko langu. Sema niliacha jiko la mkaa koridoni, mtoto akashika. Mimi nina jina gani hapa mjini la kuharibika?"

Ningesema hapana, barua hii ningekuandikia kuhusu chandarua. Nilisema, "Haya." Neno moja. Mama yako alipofika nilimpa habari ya jiko, nikimtazama machoni, na Somoe amesimama pembeni ameinamisha kichwa kama mkosaji. Mama yako alimpigia kelele mpaka majirani wakatoka nje. Mimi nikasema, "Mama Mwanahawa, basi, imeshatokea." Fikiria. Nikajifanya msuluhishi.

Siku iliyofuata nilivuta rodi chini ya kitanda nikaipiga uani. Ardhi ilikuwa imelowa, ilizama kirahisi. Nikauhamisha waya, nikabana klampu, nikagusa koki na testa, haikuwaka. Kazi yote haikufika saa moja. Kazi hiyo niliiahirisha miezi minne.

Kwa miaka mingi nilijilaumu kwa kandambili. Nilikuwa najiambia, lau nisingeziacha bafuni. Nilizijutia kandambili kweli kweli. Umri ulipoenda ndipo nilipotambua kwamba nililichagua kosa hilo kwa sababu ni jepesi kubeba. Mtu anaweza kusahau kandambili, hiyo ni bahati mbaya. Lakini rodi sikuisahau. Nilikuwa naikwaruza kwa kisigino kila nikipanda kitandani.

Somoe hakukaa sana baada ya hapo. Mama yako hakumfukuza, ila alikuwa hakuachii tena mikononi mwake, na wewe ukimwona unakimbia umeushika mkono wako. Hilo ndilo lililomshinda. Alivumilia maneno ya mtaa mzima, lakini mtoto aliyemlea kumkimbia hakuweza. Nilimsindikiza kupanda basi. Alinipa mchi ule akasema nimpe mama yako, kwake Masasi ipo michi mingi.

Nikamuona tena mara moja tu, alipofariki bibi yako, mama yetu, kule Masasi. Baada ya mazishi mama yako aliwahi kurudi Dar na wewe, mimi nikabaki siku mbili zaidi. Badala ya kumwomba dada yangu msamaha nilipanda juu ya dari yake. Nilibadilisha waya wote. Nilichimba nikapiga rodi mbili, kwa sababu ardhi ya kule kiangazi inakauka sana na rodi moja haitoshi, nikajengea kichwa chake kwa saruji wezi wa shaba wasiing'oe. Nikamfungia na swichi ya kinga, ambayo umeme ukitoroka kidogo tu inajikata kufumba na kufumbua. Alikuwa ameketi kizingitini anabangua korosho, ananitazama. Nilipomaliza nikamwonyesha kitufe cha kuijaribu, nikamwambia akibonyeze kila mwezi. Akakibonyeza, nyumba ikazimika, akacheka. Kisha akasema, "Ahsante, kaka. Sasa mwambie mtoto."

Nikamjibu, "Akikua."

Ukamaliza la saba. Nikasema amalize kidato cha nne. Ukaenda chuo. Nikasema apate kazi kwanza. Unaona mwenyewe, ni kesho yangu ile ile.

Leo mchana, wewe ulipokwenda kununua viatu Kariakoo, nimemwambia mama yako. Alikuwa anachambua mchele wako wa safari. Hakuinua uso. Aliendelea kuchambua mpaka sinia likaisha, akamwaga chuya, ndipo akasema, "Miaka ishirini nimemnyima wifi yangu salamu." Nikasema, "Mimi ndiye niliyekunyimisha." Akasema, "Wewe ndiyo. Lakini mdomo ulikuwa wangu." Akachukua simu akampigia Somoe, akaiweka spika, akatoka nayo uani. Wamelia wote wawili, nimewasikia. Halafu nikasikia wanabishana kama mbaazi zinakukubali au zinakuvuruga tumbo, nikajua kwa upande wao mambo yatakwenda. Mimi mama yako hajanisemesha tangu hapo. Amenipakulia chakula na kifuniko juu, lakini hajanisemesha.

Mwanangu, sikuandikii haya ili ukafikie kwa shangazi yako. Hilo ni lako. Mshahara ni wako, na mtu mzima anachagua mlango wake. Ukitaka kupanga, panga. Lakini unapoangalia chumba usiniulize kwenye simu rangi ya ukuta. Toka nje uutafute waya wa kijani unashukia wapi. Ukiukuta umefungwa kwenye bomba, kwangua kidogo hapo chini uone kama bomba ni chuma au ni mpira. Vingine usiguse, wewe ni mwalimu wa historia, acha fundi apime. Na siku mwenye nyumba atakapokuambia kwa kicheko kwamba friji au koki yake inatekenya kidogo, eti uvae tu kandambili, usicheke naye. Mimi nilikuwa mtu wa kucheka na kila mtu.

Somoe atakuwepo stendi ya Masasi kesho, ufikie kwake usifikie. Mama yako amemwambia hujui chochote bado, naye amesema haidhuru, atakuja tu akuone umekuaje, kisha arudi zake. Amesema atavaa kitenge cha kijani umtambue. Nimeona nikuambie kabla, kwa sababu nimemfahamu dada yangu maisha yake yote. Ukipita bila kumwamkia atasema moyoni ni haki yake, na atakwenda nyumbani bila kukueleza neno. Aliuchukua mzigo wangu kwa hiari yake, na hatautua mwenyewe mpaka anakufa. Ni mimi tu ninayeweza kumtua, na nimechelewa, na sina njia nyingine isipokuwa wewe kujua kabla basi halijasimama.

Nakupenda, Mwanahawa. Nilikuwa nadhani nanyamaza ili usije ukaacha kunipenda. Leo jioni nimekaa hapa nikatambua kwamba miaka yote hiyo ulikuwa unampenda fundi mwingine, ambaye nyumba yake haikuwahi kuuma mtu. Huyo hayupo. Yupo huyu.

Usiniambie "yameisha, baba" kwa sababu tu safari imefika na mtu hataki kuondoka na ugomvi. Kasirika ukitaka kukasirika, ni haki yako na sitaiombea punguzo. Usiponipigia simu wiki, mwezi, nitasubiri, wala sitamtuma mama yako aniombee. Kesho alfajiri nitakuwa barazani, nimeshavaa. Begi lako nitalibeba mimi mpaka kwenye basi, uwe unaongea na mimi au huongei.

Baba yako,
Saidi